Konokono wa Kiima na Ndugu Zake wa Ikutha

Ute wa konokono hautoki kwa maji. Mkitaka kufanya kazi hii, anzeni kwa kulijua hilo. Ukikimbilia bomba na sabuni, ule ute unazidi kuvimba katikati ya vidole kama uji uliolala. Chukua kitambaa kikavu, ujipanguse taratibu mpaka mkono ukauke, ndipo unawe. Nimewaona vijana wenye digrii zao wakisugua mikono kwenye sinki huku mimi nimekaa na kikombe changu cha chai, nasubiri waniulize. Wengine waliuliza. Wengine walienda nyumbani hivyo hivyo, wakasalimiana na wake zao kwa mikono ya kunata.

Ninyi mnaokuja kwangu hapa Matiliku shule zikifungwa, mnaniita susu, bibi yenu, na kuniuliza nilikuwa nafanya nini Nairobi miaka yote ile. Mkisikia nilikuwa maabara mnafikiri ni damu na malaria. Hapana. Mimi Mueni, mtoto wa Kasikeu, nilikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa wanyama, na wanyama wangu walikuwa konokono wa nchi kavu. Nilikuwa natoa DNA yao, ile chembe ndani ya mwili inayobeba urithi wa wazazi, ili tujue nani ni wa aina gani na nani ni ndugu ya nani. Najua mnacheka. Mama yangu pia alicheka. Kanisani mchungaji aliniombea nipate kazi nyingine.

Nilipoanza, DNA haikuwapo kwetu. Kulikuwa na Mzee Mutiso, mkuu wa idara, na makabati yake yaliyojaa magamba. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa anamtambua konokono kwa gamba lake kama ninyi mnavyomtambua jirani kwa mwendo. Aliangalia mdomo wa gamba, akahesabu mizunguko, akapapasa kwa ukucha mistari ambayo mimi sikuiona kabisa. Kwa miezi mingi kazi yangu ilikuwa kusafisha magamba kwa brashi ya meno na kusikiliza.

"Mueni," aliniambia siku moja, "nini kinachotofautisha hawa wawili?"

Nikaangalia nikaangalia. "Mzee, huyu ni mchafu zaidi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniwekea kidole changu juu ya gamba, akakizungusha pole pole, na kwa mara ya kwanza nikahisi ule ukingo mdogo ambao mwingine hakuwa nao. Tangu siku hiyo nikaacha kumhurumia mtu anayekaa na magamba.

Mzee mwenyewe alikuwa na makosa yake, na aliyasimulia bila kulazimishwa. Alipokuwa kijana aliwaleta konokono hai kutoka safari, kila kundi kwenye kopo lake, na ndani ya kila kopo akaweka karatasi yenye jina la mahali alipowaokota. Alipofika ofisini, karatasi hazikuwapo. Konokono walikuwa wamezila. Walikuwa wamekaa pale wameshiba, na hakuna aliyejua nani ametoka wapi. Kwa hiyo nawaambia kama alivyoniambia: andika kwa penseli, karatasi moja ndani na nyingine nje ya kopo, na ile ya nje ndiyo ya kutegemea.

Konokono maarufu zaidi wa Mzee Mutiso alitoka huku kwetu. Mnakijua kile kilima kilicho juu ya Matiliku ambacho wenyeji wanakiita Kiima tu, yaani kilima, kama kwamba hakuna kingine duniani. Huko juu, chini ya majani yaliyooza kwenye kivuli, aliokota konokono mdogo wa kahawia mwenye gamba lililochongoka. Baadaye akaokota mwingine upande wa Kitui, karibu na Ikutha, wa rangi ile ile lakini gamba lake limebonyea na mdomo wake mpana. Alilinganisha, akaandika, wataalamu wenzake wakakubali: hawa ni aina mbili, na yule wa Kiima hapatikani mahali pengine popote. Alimpa jina la kitaalamu lililotokana na jina la kilima. Hilo jina lilikuwa ndani ya vitabu kabla ya mimi kuolewa.

Dada yangu mkubwa, Syombua, aliolewa pale pale chini ya Kiima. Ndiye niliyemfuata mimi kwa kuzaliwa, na ndiye aliyenibeba mgongoni. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maji, kwa sababu chemchemi inayotoka kwenye kile kilima ndiyo inayonywesha watu wote wa bonde lile, na mbuzi wao, na sukuma wiki yao. Mumewe alipofariki, kile kikundi ndicho kilichomsimamisha tena.

Sasa mje nami mpaka siku za juzi juzi, wakati Mzee Mutiso alikuwa ameshastaafu na anakuja ofisini mara moja moja tu kwa mapenzi yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kustaafu. Mkuu wa idara alikuwa Daktari Wambua, kijana mwepesi, mwenye haraka, mzuri wa moyo. Ndiye aliyetuletea mashine za DNA na kunipeleka nikafundishwe. Nilikuwa nimezoea brashi ya meno; nikapewa pipeti inayonyonya tone dogo kuliko chozi la mbu. Mwanzoni mkono ulitetemeka. Nilijizoeza kwa maji yaliyotiwa rangi mpaka ukatulia.

Niwaeleze kidogo kazi inavyokwenda. Humkamati konokono ukamtumbukiza tu kwenye spiriti. Atajikunja ndani ya gamba, mlango aufunge kwa ute, na utalazimika kuvunja nyumba ili umfikie mwenyewe. Unamweka kwanza ndani ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa imejaa mpaka juu, kifuniko kimefungwa. Anatoka nje taratibu, ananyooka, analegea. Ukishaona hashtuki tena, unakata kipande kidogo cha mguu, ile nyama anayotembelea, na hicho ndicho unachoweka kwenye spiriti. Gamba linabaki zima kwa watu kama Mzee Mutiso. Na ile spiriti uibadilishe kesho yake, kwa sababu konokono ana maji mengi na anaizimua. Wale wa zamani waliokuwa kwenye makabati, waliohifadhiwa kwa fomalini, kwetu hawakuwa na faida. Fomalini inatunza sura na kuharibu DNA.

Adui mkubwa ni ule ute tena. Unafuatana na DNA kila mahali, unaifunika, na mashine inakataa kusoma. Nilijifunza kuosha mara ya pili na ya tatu hata kama maelekezo yanasema mara moja. Wenye haraka walipata majibu matupu, wakalaumu mashine.

Ile spiriti nayo ilituletea visa. Njiani kutoka Makueni tulisimamishwa na polisi, mmoja akafungua sanduku, akanusa, akainua chupa juani. Ndani vipande vya nyama vinaelea.

"Mama, hii ni pombe gani yenye wadudu?"

"Si pombe, afande. Ni konokono wa serikali."

Aliniangalia, akamwangalia dereva, akairudisha ile chupa polepole kama mtu aliyeguswa na kitu kibaya. "Pita, mama. Pita tu."

Basi. Ilitokea kwamba kampuni moja iliomba ruhusa ya kuvunja mawe pale Kiima. Mawe yale ni mazuri kwa barabara. Wenye ardhi upande wa nyuma walitaka kuuza, na vijana walitaka kazi, na hilo silaumu. Lakini mpango ulikuwa ni kilima chote, pamoja na upande wa chemchemi. Syombua na wenzake wakakataa. Waliambiwa waje watoe sababu zao kwenye baraza, mbele ya maofisa wa mazingira.

Ni mimi niliyemwambia Syombua, tukimenya mbaazi jikoni kwake, kwamba kuna konokono pale juu asiyepatikana pengine. Nilisema kama hadithi tu. Yeye aliacha kumenya.

"Pengine popote? Hata Ulaya?"

"Hata Ulaya."

"Na serikali inajua?"

"Yumo kwenye vitabu."

Mimi nilirudi Nairobi, yeye akaanza kazi. Alimpigia simu Daktari Wambua mwenyewe. Wambua alifurahi mno. Ni lini mwananchi alikuwa amewahi kumpigia simu kuhusu konokono? Akasema tutapima DNA, tuthibitishe kwa njia ya kisasa. Tukaokota wachache kutoka juu ya Kiima na wachache kutoka Ikutha. Nilitoa DNA mimi mwenyewe, nikaosha inavyopaswa, na tukasoma kipande kimoja cha urithi ambacho kila mtu anakitumia, kile ambacho mtoto anakipata kwa yai tu. Majibu yalitoka wazi kabisa. Wa Kiima na wa Ikutha walikuwa mbali sana, mbali kuliko tulivyotarajia. Wambua alipiga meza kwa furaha. Siku ya Jumapili alienda mwenyewe mpaka kanisani kwa akina Syombua, akasimama mbele baada ya matangazo, akawaambia watu kwamba sayansi imethibitisha: konokono wa kilima chao ni wa pekee duniani. Waliimba. Kikundi cha maji kikamwita mchoraji wa vibao vya maduka, akachora konokono kwenye bati kubwa. Alifanana na mandazi yenye pembe, lakini walikisimamisha kile kibao pale njia panda wakapiga picha, na picha ikatoka gazetini.

Wiki iliyofuata Mzee Mutiso alikuja ofisini. Tulimwonyesha. Nilitegemea afurahi, maana kazi yake ya ujanani ilikuwa imethibitishwa na mashine. Alivuta kiti, akasoma karatasi yote, akarudia. Kisha akauliza swali moja.

"Hapa katikati mmeokota wapi?"

Wambua akasema, "Katikati gani, Mzee?"

"Kati ya Kiima na Ikutha. Kuna vilima vidogo vingi huko chini, mpaka mtoni, na ng'ambo. Mmepima ncha mbili. Katikati kuna nini?"

Hatukuwa na kitu. Yeye mwenyewe, zamani zile, hakuwa na kitu. Gari la ofisi lilikuwa halifiki huko.

Wambua alimwambia kwa heshima kwamba tofauti ni kubwa mno, haina shaka. Mzee akatikisa kichwa. Alisema konokono haendi mbali. Anazaliwa chini ya jiwe hili, anafia chini ya jiwe lile. Kile kipande cha urithi kinachopita kwa yai kinaweza kubadilika kidogo kidogo kutoka kilima hadi kilima, na ukiruka vilima vyote ukapima cha kwanza na cha mwisho, utaona shimo kubwa ambalo kwa kweli ni ngazi. "Someni na vipande vingine," akasema, "vile vinavyotoka kwa wazazi wote wawili. Na mwende katikati. Mvua ikinyesha nitakuja nanyi."

Nilimsindikiza mpaka nje. Nikamwambia, "Mzee, ukiwa na makosa hakuna shida. Lakini ukiwa sawa, jina lako linafutwa."

"Si jina langu," akasema. "Ni la konokono."

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza tulienda. Ninyi mnajua ukame wetu: konokono anajifungia miezi na miezi, mlango umekauka kama karatasi, unaweza kumkanyaga usijue. Inyeshe kidogo tu, wanatoka kila mahali kama watu wa soko. Tulianzia Kiima, tukashuka kilima kwa kilima. Mzee alikuwa na fimbo, anatembea polepole, na kila tulipofika alikaa chini kwenye gunia na kuanza kufukua majani kwa vidole. Mimi nilikuwa naokota, Wambua anaandika na kupima mahali kwa simu.

Sikuhitaji mashine kuniambia kilichokuwa kinatokea. Kilima cha pili, gamba lilikuwa limechongoka lakini si sana. Mbele zaidi, mdomo ulikuwa umeanza kupanuka. Tulipofika karibu na mto Athi, niliweka kiganjani konokono ambaye sikuweza kusema ni wa Kiima au ni wa Ikutha, nikampa Mzee. Alimzungusha kwa kidole, kama alivyonifundisha mimi. Alimshika muda mrefu, mvua ikimdondokea kwenye kofia. Akamweka kwenye kopo, akafunga kifuniko.

Ng'ambo ya mto korongo moja lilikuwa limejaa maji na gari letu likakwama. Tuliokolewa na Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye familia yake imekaa Ikutha miaka mingi. Alituvuta kwa lori lake, akatupeleka kwake, mkewe akatupa chai ya maziwa yenye tangawizi na mahali pa kukausha nguo. Abdi aliangalia yale makopo.

"Haya ndiyo mliyoyafuata kwenye matope? Hayana nyama, hayana maziwa."

Mzee Mutiso akamjibu, "Na hayaulizi bei."

Walicheka wote wawili. Yalikuwa maneno ya kwanza ya Mzee tangu mtoni, na nilimshukuru Abdi moyoni.

Tulirudi, nikafanya kazi. Nilitoa DNA ya kila mmoja, tukasoma kile kipande cha kwanza na vipande vingine pia. Shimo likajaa. Kila kilima kilishikana na cha jirani yake, na vile vipande vya wazazi wawili vilionyesha kwamba walikuwa wanachanganya damu tangu zamani, kutoka Kiima mpaka Ikutha. Nilirudia kwa sababu nilitaka niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea. Alikuwa konokono mmoja tu, anayebadilisha gamba lake kadiri nchi inavyozidi kuwa kavu.

Baraza la Kiima lilikuwa limekaribia. Wambua alifunga mlango wa ofisi yake, tukakaa.

"Tunaweza kungoja," akasema. Hakuniangalia. "Ripoti inaandikwa miezi. Baraza lipite kwanza. Hakuna atakayesema tumedanganya."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa pale pale. Sikukataa. Nilimwona moyoni dada yangu na mtungi wake. Na Wambua alikuwa amesimama kanisani mbele ya watu. Si jambo dogo kurudi pale na kujikana. Mwishowe nikamwambia twende tumuulize Mzee, na nadhani wote wawili tulijua atasema nini.

Mzee alitusikiliza kwenye kibaraza cha nyumba yake. "Wakishinda kwa huyu konokono," akasema, "halafu kampuni ilete mtu wake apime, mwakani au mwaka ule mwingine? Hawatapoteza kilima tu. Hakuna atakayewaamini tena hata wakisema kweli." Kisha akasema, "Nitaenda nikaseme mwenyewe. Mimi ndiye niliyemzaa."

Nilimwomba kitu kimoja: nimwambie Syombua kabla. Sikutaka alisikie mbele ya watu.

Nilimkuta anapepeta maharagwe uani. Nikamwambia yote, mpaka habari za vilima vya katikati. Aliendelea kupepeta. Mkono wake haukusimama.

"Sasa konokono ameenda wapi?"

"Hajaenda popote. Yuko pale. Ni vile tu si wa kwetu peke yetu. Mpaka Ikutha ni yeye."

"Na baraza ni kesho kutwa."

"Ndiyo."

"Si mngengoja?"

"Tulitaka kungoja, Syombua. Haingekuwa haki."

"Haki ya nani?" Sasa aliweka ungo chini. "Wewe unakunywa maji ya bomba Nairobi. Mimi niliwaambia akina mama wasimame, wakasimama. Nikawaambia dada yangu anajua. Kesho kutwa nitawaambia nini? Ati konokono amebadilika?"

"Waambie habari ya maji. Maji ni sababu tosha."

"Maji!" akasema. "Maji tumesema miaka yote. Nani amewahi kutuandika kwenye gazeti kwa sababu ya maji?"

Aliingia ndani, akafunga mlango. Sio kwa kishindo. Alifunga polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nililala kwa binamu yetu.

Baraza lilifanyika chini ya turubai katika uwanja wa kanisa. Watu wa kampuni walikaa mbele na wakili wao, kijana nadhifu mwenye viatu vilivyokuwa vimeshika matope. Wambua alisimama wa kwanza. Kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema yale aliyosema kanisani aliyasema mapema mno, na kwamba amekuja na mtu wa kueleza.

Mzee Mutiso alisimama kwa fimbo yake. Aliongea Kikamba, taratibu, kama anayewaeleza wajukuu. Alisema kwamba alipokuwa kijana alikuja kwenye kilima hiki akapanda peke yake, na wenyeji wakampa muthokoi akala. Alisema aliokota konokono akamwita wa hapa tu. "Nilifanya vizuri kadiri ya macho yangu. Macho yangu hayakufika katikati. Sasa tumefika. Konokono wa Kiima na konokono wa Ikutha ni mmoja. Jina nililompa mimi halifai, litaondolewa, na nimeomba liondolewe."

Wakili wa kampuni akaandika kitu, akatabasamu. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Basi tumekwisha." Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Ndipo Syombua akasimama. Hakuwa na karatasi. Alimwambia Mzee asante kwa kuja, kaa, umechoka. Kisha akamgeukia ofisa wa mazingira.

"Mimi konokono simjui," akasema. "Nilikuwa nimemshika kwa sababu niliambiwa ndiye mtakayemsikiliza. Mimi najua maji. Najua yanatoka chini ya jiwe gani, na yanapungua mwezi gani, na mwaka ule wa njaa yalikuwa yamebaki ya kuchota kwa kikombe na bado tukachota. Waliolipua mawe kule ng'ambo, chemchemi ya watu wa pale iko wapi? Waulizeni. Mimi nawaambia mbele ya huyu mzee ambaye amesimama akajikosoa bila kulazimishwa: ninachosema kuhusu maji, njooni mpime. Pimeni mpaka katikati."

Aliongea mpaka wakili akaacha kuandika. Baada yake wakasimama akina mama wengine, na wazee, na hata kijana mmoja aliyekuwa anataka kazi ya mawe akasema kazi anataka lakini upande wa nyuma.

Si kila kitu kiliisha vizuri. Uamuzi ulichukua muda mrefu. Walileta wataalamu wa maji, wakapima, na mwishowe kampuni ikaruhusiwa upande wa nyuma tu. Upande wa chemchemi wote umefungwa. Mnausikia ule mlio wa baruti asubuhi, ndio huo. Chemchemi bado inatoka. Miaka mingine naona kama imepungua, na sijui kama ni mvua au ni baruti, na sitawaambia ninajua. Mzee Mutiso alikuja kubadilisha vibandiko vya kabati lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, kisha akaendelea kuishi miaka mingine na kuja ofisini kunywa chai. Alizikwa kwao, na Wambua ndiye aliyesoma wasifu wake.

Syombua hakuniongelesha. Nilistaafu, nikajenga hapa Matiliku, karibu naye kabisa, na bado alikuwa ananisalimia kama anavyosalimia ofisa wa wilaya. Kanisani alikaa safu nyingine. Nilipeleka maembe, yakapokelewa na wajukuu. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemwacha mbele ya watu mikono mitupu, na kwamba aliweza kusimama hivyo hivyo ni sifa yake, si yangu.

Halafu mwaka jana, asubuhi ya kwanza baada ya mvua kubwa, alikuja hapa mlangoni amevaa gambuti za marehemu mumewe.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Unionyeshe huyo konokono. Nimemtetea, nimemwacha, na sijawahi kumwona."

Tulipanda upande wa kivuli, polepole, yeye mbele. Kule nyuma mashine zilikuwa zinavunja mawe. Nilipiga magoti chini ya mti ulioanguka, nikafukua majani, na alikuwapo, ametoka nje mzima, pembe zake zimenyooka. Nikamweka kiganjani mwa dada yangu. Alimwangalia akitembea kwenye mistari ya mkono wake, na uso wake ukawa kama wa msichana.

"Kumbe ni huyu tu," akasema. "Na wa Ikutha?"

"Ni huyu huyu."

"Na wa vile vilima vyote?"

"Wote."

Alifikiri kidogo. "Basi ana jamaa kubwa kuliko sisi."

Alimrudisha pale pale alipokuwa, akamfunika kwa majani, akaangalia kiganja chake kilichojaa ute akacheka. Nikampa kitambaa. Kisha akasema mawe yanateleza, nimshike mkono, tukateremka pamoja.